Mradi umepita kijijini, tunajuaje umesaidia? Majibu ya maswali yenu

Wiki hii inbox imejaa miradi ya afya tu, nimechukua maswali manne yanayojirudia.

Huku kwetu Kilosa waligawa vyandarua, mwaka uliofuata malaria ikapungua, wakubwa wakaja kupiga picha. Lakini mwaka huo mvua haikunyesha ya maana. Sasa ni chandarua au ukame?

Hapo ndo penyewe dada. Kabla na baada peke yake haitoshi, mbu wanazaliana kwenye madimbwi, mvua ikigoma watapungua hata kama hujagawa kitu. Angalia vijiji jirani vilivyokumbwa na ukame uleule ila vyandarua havijafika, kama na kwao malaria imeshuka hivohivo basi walichopiga picha ni ukame.

Zahanati imefunguliwa, sasa kesi kwenye kitabu zimeongezeka. Imeleta ugonjwa?

Hapana jamani. Zamani mtu anaumwa anakunywa panadol analala, haandikwi popote. Sasa anapimwa, anaingia kwenye MTUHA, yani rejista ya taarifa za zahanati. Rejista inahesabu waliofika zahanati, wagonjwa waliopo kijijini ni hesabu nyingine, ukizitaka hizo ni kupita nyumba kwa nyumba.

Kaka, cha bure hakithaminiwi, wanafunikia mchicha na mabanda ya kuku. Si bora wauze hata kwa bei ndogo?

Wengi waliamini hivo, na mi zamani nilikuwa upande wako. Hata Tanzania kuanzia 2004 tulikuwa na Hati Punguzo, mjamzito anapewa karatasi kliniki, anaenda nayo dukani anaongeza hela kidogo anachukua chandarua. Alafu wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, wakafanya jaribio kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, kliniki nyingine zikatoa bure, nyingine zikauza shilingi 10, 20 au 40 za Kenya. Kwenye 40, katika kila wajawazito 100 kama 60 ambao wangechukua bure hawakuchukua, yani shilingi 40 tu! Na kuhusu huo mchicha wako, watu wa utafiti walienda majumbani bila taarifa kuangalia kama chandarua kimening'inia kitandani, waliopewa bure walikuwa wanakitumia sawa tu na walionunua. Wa mchicha wapo, sikatai, ila kwa hesabu ile bei iliwafukuza wengi mno na wala haikuchuja wazembe.

Mradi ukifaulu mkoa mmoja, kwa nini wasiusambaze kila mahali fasta?

Sikiliza hii. Mwanza, 1991 mpaka 1994, waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa (kwa sababu haya yanairahisishia VVU njia ya kuingia) kwenye vituo vya afya vya kawaida, watumishi wakafundishwa, dawa zikawepo muda wote, wakalinganisha na jamii ambazo bado hazijaboreshewa. Maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa kama asilimia 40, dunia nzima ikashangilia. Ng'ambo ya ziwa huko Rakai, Uganda, wakaja na njia yao, kumpa kila mtu mzima dawa za magonjwa ya zinaa nyumbani kila baada ya miezi 10 hivi, awe na dalili asiwe nazo. VVU haikupungua.

Watu walibishana miaka. Maelezo yanayoniingia mimi ni mawili: Rakai VVU ilishasambaa sana, kama asilimia 16 ya watu wazima wakati Mwanza ilikuwa kama 4, kwahiyo wengi walikuwa wanaipata bila kupitia kidonda wala kisonono. Pili, miezi 10 ni mingi, mtu anatibiwa leo mwezi wa tatu kashaambukizwa tena, ila Mwanza ukiona dalili jumatatu unaenda kituoni jumatatu hiyohiyo. Na Rakai hawakutoka mikono mitupu, kaswende na trikomona, nayo ya zinaa, zilipungua, ni VVU tu ndo iligoma.