Nondo za kibaraza cha ghorofani zikae juu au chini?

Kaka wa Nyegezi, unashangaa fundi anataka nondo za kibaraza kinachoning'inia mita 1.2 zikae juu, wakati za slabu ya sebule zimelazwa chini. Msikilize huyo. Slabu ya sebule imeshikwa pande zote, ikilemewa inavutika upande wa chini, katikati. Kibaraza kimeshikwa upande mmoja, kinavutika juu, palepale kinapotoka ukutani. Zege halivumilii kuvutwa, ndiyo maana nondo hukaa upande unaovutika.

Ziingie pia ndani ya chumba angalau mita 1.8, mara moja na nusu ya urefu wa kibaraza. Unene na saizi ya nondo akupigie hesabu mhandisi.

Siku ya kumwaga zege usiende mjini! Vijana wa karai wakizikanyaga zitashuka, kwa hiyo ziwekee viti vya nondo, yaani vyuma vilivyokunjwa vya kuzishikilia juu. Mirunda inayobeba kibaraza ukianza kuitoa, anzia nchani, mbali na ukuta.