Uliza ngwe ilikuwa hatua ngapi

Jibu la swali la wiki: "Walimu na wanafunzi wa zile shule za majaribio wanazidi kutuaga. Kumbukumbu zao zikusanywe vipi?"

Mhariri,

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kukusanya kumbukumbu za shule hizi, zilizojaribu kuunganisha darasa na mila au kazi za kijiji: usimuulize mzee kama shule yao ilikuwa nzuri. Atakujibu kwa hotuba. Nidhamu ilikuwepo, vijana wa leo hawajui kazi, Mwalimu Nyerere aliona mbali. Utatoka na saa mbili za sauti ambazo ungeweza kuziandika mwenyewe bila kutoka nyumbani. Muulize ngwe yake, kile kipande cha shamba alichopimiwa kulima, ilikuwa hatua ngapi kwa ngapi, ufunguo wa ghala alishika nani, na fedha za mahindi zilisomwa mbele ya nani. Hayo hayana hotuba.

Huku Nyanda za Juu Kusini tumepitia zaidi ya jaribio moja. Malangali, Iringa, mwaka 1928 Mwingereza W. B. Mumford alianzisha shule ya serikali ambako wavulana walivaa kienyeji, wakacheza ngoma na kurusha mikuki, na wazee wa kabila wakaletwa kufundisha mila na historia pembeni ya masomo ya vitabu. Habari zake alizichapisha mwenyewe mwaka 1930 katika jarida la Africa, na mpaka leo anayeandika juu ya Malangali ya wakati ule anaegemea sana maneno ya mkuu wa shule. Wavulana wale hatunao tena. Litowa, karibu na Songea, ni habari nyingine. Ilikuwa shule ya vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chini ya mwalimu Suleiman Toroha, na ilikuwa ikiunganisha darasa na kazi ya kijiji kabla ya Machi 1967, Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Septemba 1969 chama kile kilipigwa marufuku. Baada ya 1967 kila shule ilitakiwa kuwa na shamba, kwa hiyo majaribio madogo madogo yalienea kila tarafa, mengine mazuri, mengine jina tu.

Piga hesabu ya umri kabla ya kupanga safari. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1967 alizaliwa 1957. Mwalimu aliyekuwa na miaka 25 wakati huo alizaliwa 1942. Anza na walimu, hata kama wanafunzi ndio wengi na ndio walio karibu.

Msimu nao una uzito wake. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Wakati huo watu wako shambani, na mvua ikipiga bati simu hairekodi kitu kingine. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kazi hii, ila Juni na Julai huko Makete, Mufindi na Njombe baridi haina mchezo. Mzee wa miaka themanini hakai nje kabla ya saa nne asubuhi. Barua ya utambulisho ianzie kwa mtendaji wa kijiji, na ukishafika kwa mwenyekiti wa kitongoji atakwambia nani anasikia vizuri na nani ameanza kusahau. Kama unatumwa na chuo au taasisi, kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kitangulie.

Usiwaanzishe kwa kikao cha pamoja. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linafanyika kwa sababu ni rahisi: unawaita wote ofisi ya kijiji, soda moja moja, unawasha simu. Aliyekuwa mwalimu mkuu, au kiranja mkuu, atasema kwanza kwa sababu ya heshima yake, na wengine watabaki kuitikia "ndivyo ilivyokuwa". Mbele ya mwalimu wake mtu hata akiwa na wajukuu anabaki mwanafunzi. Mhoji kila mmoja kwake, peke yake. Kikao cha pamoja kije mwisho, na kiwe cha kuchora ramani: chukua kijiti, chora shule kwenye vumbi, bweni hapa, jiko hapa, kisima kule. Watabishana, na ubishi wao ndio unaoutaka. Piga picha mchoro kila unapobadilika.

Maswali yaanze na siku moja, tangu kengele ya asubuhi. Kengele yenyewe ilikuwa nini, kipande cha reli au ringi ya gari, na aliigonga nani? Saa ziandike kwa Kiswahili kama alivyozitaja. Ukizigeuza kichwani huku unaandika, saa 12 ya alfajiri itakuja kusomeka mchana.

Halafu ingia shambani. Tuseme anakwambia ngwe ilikuwa hatua 5 kwa 20, shamba ekari 6, na watoto walikuwa 150. Ekari yetu ya kupima kwa miguu ni hatua 70 kwa 70, yaani 4,900. Ngwe ya hatua 100 inatoa ngwe 49 kwa ekari, 294 kwa shamba zima. Watoto 150 wote wakimaliza ngwe, shamba linakwisha kwa asubuhi mbili. Naye anasema kulima kulichukua mwezi. Usimwambie amekosea. Muulize nani hakulima. Ngwe kama ile kwenye udongo uliolala ni kama saa nne za mtu mzima mwenye jembe zuri. Mtoto wa darasa la tatu haimalizi. Kwa hiyo wadogo walipewa nusu, au walichota maji. Viranja walisimamia. Majembe yalikuwa pungufu, watu wakapokezana. Na hapo hapo, bila wewe kuuliza, shamba la mwalimu mkuu linajitokeza, au la katibu wa tawi la chama, ambalo kwenye hotuba halikuwemo.

Fuata na mavuno. Gunia la kilo 100 ni madebe 5 hadi 6. Magunia 10 kwa ekari ni mavuno ya heshima. Akisema ekari 6 zilitoa magunia 200 bila mbolea, rudia swali kwa upole, huenda alijumlisha miaka. Magunia 60 ni kilo 6,000. Kwa shule ya bweni ya watoto 150, dona nusu kilo kwa mtoto kwa siku, ni kilo 75 kila siku, na ghala linaisha kwa siku 80. Siku zilizobaki chakula kilitoka wapi? Serikalini, kwa wazazi, kwenye vibuyu vya nyumbani, au watoto walirudishwa makwao mapema? Shule iliyosifiwa kwa kujilisha na shule iliyokuwa ikijilisha kweli zinatofautiana hapo.

Mahali palipolimwa pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, kuna mtego unaozua ugomvi wa bure. Wanafunzi wanakumbuka kilo walizochuma; walimu wanakumbuka kilo zilizouzwa. Maua mabichi kilo 4 au 5 yanakauka yakabaki kilo 1. Nimesoma maandishi ya watu wazima wakiwatuhumu marehemu walimu wao wizi kwa tofauti ambayo ni maji tu yaliyokauka. Andika kila mara: mabichi au makavu, na yalikaushwa juani au kwa moto.

Fedha zina maswali manne tu: kitabu alishika nani, kiliandikwa wapi, kilisomwa mbele ya baraza la wanafunzi au hakikusomwa, na mwaka huo zilinunua nini. Andiko la 1967 lilitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao, siyo kulima tu. Kwa hiyo swali langu ninalolipenda kuliko yote ni hili: taja jambo moja ambalo wanafunzi waliamua na walimu hawakulipenda, likafanyika. Mwenye jibu atakupa mfano bila kusita, labda nguruwe aliyeuzwa au mipira iliyonunuliwa badala ya majembe. Wakikosa jibu watu sita kati ya sita, basi pale palikuwa na vibarua wenye sare, na uandike hivyo hata kama kikaoni wanaiimbia shule sifa.

Miaka usiiulize moja kwa moja. Uliza darasa: "Wakati huo ulikuwa la ngapi?" Kisha fungia kwenye tukio alilolisikia kwa masikio yake. Azimio la Arusha ni Februari 1967. Karume aliuawa Aprili 1972. Makambako na Mbeya watakumbuka ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Vita vya Kagera ni 1978 na 1979. Matukio mawili, moja kabla na moja baada, yanatosha. Na mikoa iandike kwa majina mawili: Njombe ni mkoa tangu 2012, Songwe tangu 2016, kwa hiyo mtu anaweza kusema alisoma mkoa wa Iringa au wa Mbeya akawa sahihi.

Wanawake wanapotea kwenye orodha kwa sababu ndogo sana. Rejesta ina jina la binti na la baba yake. Kijijini leo ni Mama fulani, au yuko kwa mume wilaya nyingine. Mwanaume ukimuuliza wanafunzi wenzake, atakutajia wanaume. Pitia kaka zao, kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, na vitabu vya ubatizo vya misheni. Ukimpata, mhoji bila mume wala mkwe kukaa sebuleni. Mambo ya jiko la shule, kuni, maji na kurudishwa nyumbani kwa mimba yako kwake, wala hayamo kwenye leja.

Lugha iache iende. "Kamwene" ya kuingilia inafungua mlango kwa Wahehe na Wabena, na mzee akihamia lugha yake katikati ya habari ya fimbo au njaa, usimrudishe kwenye Kiswahili. Tafuta wa kutafsiri baadaye.

Kurekodi si kazi ngumu. Simu inatosha. Zima mtandao wote (airplane mode), la sivyo kupigiwa kutakatisha sauti. Chagua faili la WAV, lisilobana sauti, kama programu inaruhusu; saa moja ya mono ni takriban MB 320, kwa hiyo acha nafasi ya GB 2 kwa siku. Iweke umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa, maana kwenye meza tupu kila kikombe kinasikika kama nyundo. Omba redio izimwe. Jogoo hawezi kuzimwa. Sema mwanzoni tarehe, kijiji na majina, kisha mwombe ridhaa yake na sauti yake iingie humo humo, pamoja na anavyotaka jina lake litumike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na watu waliopitia mwaka kama 1969 wa Ruvuma wana sababu zao za kutotaka kutajwa. Jioni ile ile nakili faili sehemu nyingine. Kwa WhatsApp usitume sauti kama ujumbe wa sauti, wala picha kama picha ya kawaida, vinabanwa. Tuma kama nyaraka. Kuandika saa moja ya mazungumzo kunakula saa 4 hadi 6, na zaidi lugha zikichanganyika. Miradi mingi inafia hapa. Watu wanarekodi wazee arobaini na hawaandiki hata mmoja. Heri kumi walioandikwa.

Usilipe kwa habari. Ukilipa, habari zitarefuka. Sukari, sabuni, na nauli ya bodaboda kwa aliyesafiri, inatosha na ni adabu.

Karatasi zinangoja kwa mwalimu mkuu wa sasa: daftari la uandikishaji, rejesta za mahudhurio, kitabu cha wageni, kitabu cha matukio, leja ya shamba kama mchwa wameiacha. Usiziondoe shuleni hata ukipewa. Piga picha mlangoni penye mwanga wa jua usio mkali, jalada kwanza, kisha kurasa mbili mbili kwa mfuatano, rula pembeni, hata zilizo tupu. Picha za zamani zipige mbele na nyuma, maana majina yako nyuma. Na wazee waambiwe wasizipeleke stationari kupigwa lamineti. Ule moto unaiharibu picha na plastiki haitoki tena.

Nakala ziwe tatu: moja kwako, moja kwenye maktaba au chuo kilicho tayari kuipokea kwa maandishi, moja shuleni. Ya shuleni iwe karatasi iliyochapwa na kushonwa, imegongwa muhuri na kuingizwa kwenye orodha ya vitabu vya maktaba. Ukiwaachia flashi, itaondoka na mwalimu mkuu siku ya uhamisho, na si kwa ubaya. Itakuwa kwenye mfuko wa koti na nyimbo za kwaya.

Msomaji, Mafinga