Umeuliza kama tulimpenda Mwalimu

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia. Unasema huelewi: tulipanga foleni kutafuta sabuni na sukari, halafu Mwalimu Nyerere alipofariki tukalia kama waliofiwa na mzazi. Unataka kujua, tulimpenda au tulimwogopa?

Foleni nilipanga, tena nikiwa na mimba yako. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mwaka uliofuata Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, vita ikala fedha za nchi, mafuta nayo yakapanda bei. Hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Sisi wa Ujiji tulichojua ni kwamba dukani rafu ni tupu na muuzaji anapiga miayo. Sabuni tulipika wenyewe kwa mawese na maji ya majivu. Ilikuwa laini kama ugali wa muhogo, na nguo nyeupe ziligeuka rangi.

Kisha 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani msako wa walioshukiwa kuficha bidhaa na kulangua, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Asubuhi moja tulishuka ziwani kuchota maji, tukakuta doti za khanga zinaelea, mpya, hazijakatwa. Kuna mtu alizitupa usiku, akiogopa kupekuliwa. Mimi niliyokuwa nimejifunga ilikuwa na viraka. Tulisimama pale wanawake tele, hakuna aliyethubutu kuziokota; ukionekana nayo utaulizwa umeitoa wapi. Siku hiyo nilimlaani Mwalimu, kimoyomoyo lakini nilimlaani.

Sasa sikiliza na upande wa pili. Bibi yako aliweka dole gumba kwenye karatasi mpaka anaingia kaburini. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mke wa mtu, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, jioni, chini ya mwembe, bila ada na bila kuulizwa dini wala kabila. Barua zako najisomea mwenyewe, jirani hajui unaniandikia nini. Kwa hiyo tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipotangaza msiba, nililia, na khanga zile sikuwa nimezisahau.

Baba yako hakulia. Kwao walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, wakaacha migomba yenye mikungu wakapelekwa kando ya barabara. Ukija likizo muulize mwenyewe, ila usimuulize kabla hajala.

Mama yako