Toronto inaweza kubeba timu ya pili ya hoki?

SWALI: Naishi Mississauga, jirani na Toronto, na hoki ya barafuni imeniteka, ila tiketi za Maple Leafs, timu ya Toronto, hazishikiki. Eneo hili lina watu zaidi ya milioni sita na pesa ipo. Mbona halina timu ya pili ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini? Au kiuchumi haiwezekani?

JIBU: Inawezekana kabisa. New York na viunga vyake wana timu tatu: Rangers, Islanders na Devils. Los Angeles wana Kings, na jirani zao Anaheim wana Ducks. Na huko hoki si mchezo unaopendwa kuliko yote. Kwenu ndio, na Leafs hawajabeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, tangu 1967 lakini viti havikosi watu.

Utajiri peke yake siuamini. Atlanta ni mji wenye fedha, na umepoteza timu mara mbili: Flames walihamia Calgary 1980, Thrashers wakaenda Winnipeg 2011, mji mdogo kwa mbali. Ndiyo maana nikipima soko naanza na swali hili: ni wangapi watakaolipa Januari, timu ikifungwa mfululizo? Kipato cha wakazi nakiangalia baadaye.

Kinachoizuia Toronto ni kanuni za ligi yenyewe. Kila klabu ina haki ya kulinda eneo lake dhidi ya timu nyingine, hadi maili 50, kama kilomita 80, kutoka mipaka ya mji wake. Mississauga yako imo, Hamilton imo. Ng'ambo ya mpaka, Marekani, wapo Buffalo Sabres, nao wana mashabiki wao Ontario, jimbo lenu. Ducks walipoanza 1993, nusu ya ada yao ya kujiunga na ligi, dola milioni 50, walipewa Kings kama fidia. Timu ya Seattle, iliyoanza 2021, ada yake ilifika dola milioni 650. Jumlisha hapo fidia ya Leafs, pengine na ya Sabres, halafu uwanja. Na mishahara inalipwa kwa dola za Marekani wakati tiketi zinauzwa kwa dola za Kanada.

Jim Balsillie, tajiri wa BlackBerry, alijaribu njia ya mkato 2009: ainunue Phoenix Coyotes iliyofilisika, aihamishie Hamilton. Jaji akamkatalia.

Kwa sasa nenda kawatazame Marlies, hapo hapo Toronto. Wanacheza ligi iliyo chini ya NHL na bei ina nafuu, ingawa pesa yako itaishia kwa wenye Leafs vilevile.