Mbwa mdogo mwenye mlio wa moyo: ultrasaundi inatuambia nini ambacho sikio haliwezi

Ndugu yangu wa Lindi, umeeleza kwamba mbwa wako aina ya Maltese, mwenye umri wa miaka 10 na uzito wa kilo 5, anakohoa hasa usiku. Daktari aliyemsikiliza amesikia mlio usio wa kawaida kwenye moyo na kumwandikia furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, ile ambayo wengi wetu tunaiita Lasix. Sasa unauliza kama kuna haja ya kumleta Mtwara kwa ajili ya ultrasaundi ilhali ugonjwa umekwisha kujulikana. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Mtwara, na swali lako limenigusa kwa sababu niliwahi kuamini kwamba mlio na kikohozi vinatosha, na aliyeumia ni mbwa wa mtu aliyeniamini.

Ni kweli kwamba ugonjwa wenyewe karibu unajulikana kwa sikio. Katika upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma mwilini, kuna vali ya mitrali. Kwa mbwa wadogo wanaozeeka, ngozi za vali hiyo hunenepa na kukunjamana kingo zake, na nyuzi zinazoishikilia hurefuka, wakati mwingine hukatika, hivyo vali haifungi sawasawa na kila pigo la moyo hurudisha damu kiasi fulani kule ilikotoka. Damu hiyo inayorudi ndiyo inayotoa mlio. Huu ndio ugonjwa wa moyo unaowapata mbwa wengi kuliko mwingine wowote, hasa wenye uzito usiozidi kilo 20, na mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel huupata wakiwa bado na umri mdogo. Mbwa mdogo mzee ambaye mlio wake unasikika zaidi upande wa kushoto wa kifua ana uwezekano mkubwa sana wa kuwa na vali iliyochakaa, na kwa hilo peke yake nisingekusumbua upande gari.

Lakini mbwa anaweza kuishi na mlio huo kwa miaka bila shida yoyote. Jambo linaloamua dawa ni kama moyo umeanza kutanuka kwa kuzidiwa na damu inayorudi, na hilo sikio haliwezi kulisema kwa uhakika. Kikohozi nacho hakilisemi.

Mbwa ninayemkumbuka alikuwa jike wa kilo 6, wa mzee mmoja anayeishi Shangani, hapa Mtwara. Alikuwa akikohoa, nikasikia mlio, nikampa furosemidi. Kwa miezi minane alikunywa maji bila kukata kiu, akakojoa ndani ya nyumba aliyokuwa hajawahi kuichafua, akakonda, na kikohozi hakikupungua hata kidogo. Wakati huo mashine yangu ya ultrasaundi ilikuwa na probu (kile kifaa kinachowekwa juu ya mwili ili kutoa picha) pana ya kupimia mimba za mbuzi na ng'ombe, ambayo haikai kati ya mbavu za mbwa mdogo na picha zake hazifuati kasi ya moyo unaopiga mara 120 au zaidi kwa dakika. Nilipopata probu ndogo ya moyo, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza niliowapima. Moyo wake haukuwa umetanuka. Nilipobonyeza koromeo lake taratibu kwa vidole viwili, alitoa kikohozi kilekile kikavu, chenye sauti kama ya bata, na hapo ndipo nilipotambua kwamba tatizo lilikuwa bomba la hewa linalolegea na kubanana. Nilimweleza mzee wake ukweli wote. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa anateswa na dawa?" Nilimjibu kwamba ndiyo.

Hata hivyo sikuridhika na kipimo cha siku ile. Furosemidi hupunguza damu inayozunguka mwilini, kwa hiyo moyo uliotanuka kidogo unaweza kuonekana mdogo mbwa akiwa kwenye dawa. Tuliiacha dawa huku mzee akimhesabia pumzi kila usiku, na baada ya wiki mbili nikampima tena. Matokeo yalikuwa yaleyale.

Upimaji wenyewe nitaueleza kidogo, ili ujue unacholipia na uweze kumuuliza maswali yeyote atakayekupimia. Mbwa hulazwa ubavu wa kulia juu ya meza yenye tundu (yangu ilitobolewa na fundi seremala wa mtaani), na probu huingizwa kutoka chini, pale ambapo kiganja kinahisi moyo ukigonga kati ya mbavu. Nywele hulowanishwa kwa spiriti, kisha jeli. Kwa picha ya kukata moyo kwa upana huonekana aota, yaani mshipa mkuu wa damu, ikiwa ya mviringo na mapande yake matatu ya vali, na pembeni yake chumba cha juu cha kushoto kimelala kama embe. Picha husimamishwa mara tu vali ya aota inapofunga, kisha hupimwa upana wa aota na upana wa chumba. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea mara nyingi: mshipa unaoleta damu kutoka mapafuni unaingilia palepale, na mstari ukiteleza ndani yake chumba huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Yule jike alikuwa na aota ya sentimita 1.1 na chumba cha sentimita 1.5, yaani uwiano wa takribani 1.4. Mwongozo wa mwaka 2019 wa madaktari bingwa wa Marekani unaanza kuhesabu kutanuka kwenye uwiano wa 1.6.

Kipimo cha pili ni kipenyo cha chumba cha chini cha kushoto moyo ukiwa umejaa, ambacho husawazishwa kwa uzito wa mbwa, na mpaka wake ni 1.7. Kwa mbwa wako wa kilo 5, hesabu hiyo inaangukia takribani sentimita 2.7, kwa yule wa kilo 6 ni karibu 2.9. Vipimo vyote viwili vikivuka mpaka, na mlio ukiwa wa daraja la 3 kati ya 6 au zaidi kwa ukubwa wa sauti, mbwa yuko katika hatua inayoitwa B2 hata kama bado anarukaruka. Akiwa chini ya hapo, hatua ya B1, hapewi dawa ya moyo. Hupimwa tena baada ya miezi 6 hadi 12.

Tofauti ya hatua hizo mbili ina uzito mkubwa. Utafiti uitwao EPIC, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha mbwa 360 wa hatua ya B2, ulionyesha kwamba waliopewa pimobendani, dawa inayousaidia moyo kusukuma damu, walichelewa kuingia kwenye moyo kushindwa kufanya kazi, au kufa kwa sababu ya moyo, kwa takribani miezi 15 kuliko wasiopewa. Kwa mbwa wa miaka 10 hiyo ni sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki. Yule jike wa Shangani alivuka mpaka miezi 14 baadaye: chumba kilifika sentimita 2.0 na aota ikabaki 1.1. Tulianza pimobendani wiki hiyohiyo. Kikohozi chake cha bomba la hewa kilikuwa palepale, wala hatukukitumia kuamua lolote.

Usishawishike na rangi nyekundu na buluu za Dopla, yaani sehemu ya ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, ingawa zinavutia macho na mwenye mbwa huzielewa upesi. Zinathibitisha kwamba damu inarudi, lakini ukubwa wa ule mchirizi hubadilika kwa jinsi mashine ilivyopangwa, nami siamui dawa kwa rangi.

Kabla ya safari yoyote, usiku wa leo mhesabu pumzi akiwa amelala usingizi mzito, kwa dakika nzima, kifua kupanda na kushuka ikiwa ni moja. Zikiwa chini ya 30, na ikawa hivyo kwa siku tatu au nne, unao muda wa kupanga safari. Zikizidi hapo mara kwa mara, au akihangaika kuvuta hewa, usianze safari ya takribani saa mbili na mbwa ambaye huenda moyo umeshindwa na maji yamejaa mapafuni: arudi kwa daktari wake hapohapo Lindi siku hiyohiyo, apigwe eksirei ya kifua na kutibiwa kwanza, na katika hali hiyo furosemidi ni dawa ya kuokoa maisha. Eksirei hiyohiyo husaidia hata pasipo ultrasaundi, kwa sababu urefu na upana wa moyo hulinganishwa na pingili za uti wa mgongo, na jumla ikifika pingili 11.5 au zaidi kutanuka huwa dhahiri.

Furosemidi usiikatishe wewe mwenyewe kwa sababu ya maneno yangu. Zungumza na daktari wake na umwonyeshe hesabu za pumzi. Ukija, njoo na karatasi ya dawa zote na dozi anazopewa, na mfike alfajiri kabla joto halijapanda, kwa sababu mbwa anayehema kwa joto hutikisa picha na mapafu yake yaliyojaa hewa huufunika moyo.