Taa ya bluu chumbani, na dawa za presha

SWALI: Anti shikamoo. Mi nina presha, nameza dawa mwaka wa tatu sasa, na usingizi nao ni shida, naweza kukaa macho mpaka saa tisa usiku. Rafiki yangu kanipeleka kwa mtu wa tiba ya rangi, akaniambia nyekundu imenizidi mwilini ndo maana presha iko juu, nifunge balbu ya bluu chumbani nilale nayo, na maji niyaanike juani kwenye chupa ya bluu alafu ninywe, baada ya mwezi vidonge naviacha. Wiki ya pili hii, usingizi ndo umepotea kabisa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Vidonge usiviache, nakuomba sana. Presha ikipanda mara nyingi huisikii, unajiona mzima, unacheka na watu, kumbe mishipa inaumia kimyakimya mpaka siku kiharusi kinapokuangusha. Kama umeshaanza kuruka dozi, kamwone daktari wako upimwe, na umweleze ukweli wote.

Sasa kuhusu balbu, hujakosea popote, umefuata ulivyoambiwa, tatizo ni hiyo balbu yenyewe. Ndani ya jicho, kule nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kubwa sio kukuonyesha vitu, ni kupima kama nje ni mchana au usiku, na mwanga unaoziamsha kuliko wote ni wa bluu, mawimbi ya nanomita 480 hivi, ambao mwanga wa mchana umejaa tele. Zikiupata zinauambia ubongo bado mchana, na ubongo unabana melatonini, ile homoni ya usiku. Yaani umelala kitandani saa sita na chumba chako kinauambia mwili ni saa sita mchana! Itoe leo. Kama giza linakusumbua weka taa hafifu sana, nyekundu au ya rangi ya chungwa, iwe chini isikupige machoni. Ndiyo, nyekundu hiyohiyo uliyotishwa nayo, usiku ndo inasumbua kidogo kuliko zote. Alafu asubuhi toka nje upate mwanga, na simu isilale na wewe.

Maji ya chupa ya bluu ni maji tu, kunywa ukiwa na kiu. Haya mambo sio mapya, Marekani mwaka 1876 jenerali mmoja, Pleasonton, aliandika kitabu kusifia vioo vya bluu na watu wakavifunga madirishani. Baadaye akaja Dinshah Ghadiali na boksi lake la taa na vioo vya rangi, akidai linatibu hata kisukari, mpaka mahakama ikamtia hatiani mwaka 1947. Mapazia ya bluu kama yanakutuliza roho yaache, hayo sina ugomvi nayo.

SWALI: Anti, mbona mwanangu alipozaliwa akawa wa njano hospitali walimlaza chini ya taa ya bluu na akapona? Si tiba ya rangi hiyo?

JIBU: Hapo rangi inatibu kweli mama, na mi napenda sana hii habari. Miaka ya 1950, hospitali ya Rochford kule Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na kawaida ya kuwatoa vichanga bustanini wapate jua. Siku moja akamfunua mtoto akawaonyesha madaktari, ngozi iliyopigwa na jua imepauka, pale palipofunikwa na kona ya shuka pamebaki pa njano, mpaka mstari unaonekana. Wakafuatilia, wakaja kuandika mwaka 1958. Njano ile ni bilirubini, na mwanga wa bluu ukifika kwenye ngozi unaibadilisha umbo, mwili unaweza kuitoa kwa choo na mkojo. Kwa hiyo mtu akikuambia rangi fulani inatibu, muulize mwanga wake unagusa nini mwilini na unakibadilisha vipi.

Ila balbu ya bluu ya dukani usimwekee mtoto nyumbani. Ile ya hospitali nguvu yake imepimwa, mtoto anazibwa macho na damu inaangaliwa. Na kichanga akiwa wa njano ndani ya saa 24 za kwanza, au akilala tu hataki kunyonya, mkimbize hospitali hapohapo.