Mwanangu, anza na oda ya pili

Moshi, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma asubuhi kabla ya ibada, nikaurudia mchana mama yako akiwa amekaa pembeni yangu. Umeuliza mambo matatu: utakapoizindua kahawa yako hapo Dodoma mwishoni mwa Mei uwaalike akina nani, utumie shilingi ngapi, na utajuaje kwamba shughuli imefanikiwa. Bajeti nayo nimeiona. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwenye simu tunakimbizana na salio na jambo hili lina uzito. Fedha uliyoweka hapo ni akiba yako ya miaka, na kahawa yenyewe imetoka kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichokiacha babu yako.

Nianze na bajeti. Milioni 6. Ukumbi milioni moja na nusu. Chakula cha watu 200 kwa 15,000 kila mmoja, milioni 3. MC na muziki laki 7. Mapambo laki 5. Kahawa laki 3. Mama, umeandika bajeti ya harusi. Harusi tunajua kuziandaa sisi: tunaunda kamati, tunachangishana, tunagawa kadi za singo na dabo, siku ikifika watu wanakula na kucheza, na wiki inayofuata kamati inavunjwa kwa furaha. Wewe kamati yako haivunjwi. Kazi yako inaanza siku ile wageni wakisharudi kwao. Halafu angalia mwenyewe hesabu ilivyokaa: katika kila shilingi 20 utakayotumia, kahawa imepewa moja.

Kwa hiyo liache kwanza swali la nani aalikwe, ulishike lile la mwisho, la kujua kama umefanikiwa. Mimi nakwambia ni oda ya pili. Oda ya kwanza mtu anaweza kukupa kwa adabu, kwa sababu amekula kwako au anamfahamu shangazi yako. Ya pili anaitoa kwa kuwa mifuko imekwisha na wateja wake wameulizia. Panga shughuli nzima ukiwa na oda ile ya pili kichwani, utaona mengi yanajipanga yenyewe.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia vizuri. Mwaka 1996 nilikuwa karani katika chama kimoja cha ushirika. Wanunuzi binafsi walikuwa wamesharuhusiwa kuingia kwenye kahawa, na sisi tulitaka kuonyesha kwamba bado tunayo kahawa nzuri kuliko yeyote. Tukaandaa siku ya wanunuzi. Wageni 300, maturubai, ngoma, kwaya mbili, risala. Kati ya wageni hao 300, wenye uwezo wa kununua kontena la kahawa walikuwa watatu, wametoka nje ya nchi, na jioni ile ile walikuwa na ndege uwanja wa KIA. Ratiba niliandika mimi. Niliweka mgeni rasmi afike saa 4 asubuhi, kisha hotuba, kisha kuonja. Mgeni rasmi alifika saa 7 na nusu. Kahawa ilikuwa imesagwa tangu saa 3. Hakuna aliyethubutu kuwaanzishia wale watatu kuonja kabla mkubwa hajafika, mimi nikiwa wa kwanza. Hotuba zilipokwisha wakaonja vikombe viwili wamesimama, wakatazama saa, wakashukuru sana. Hawakununua hata gunia moja. Ile kahawa niliionja mwenyewe juzi yake, ikanukia hadi nje ya chumba. Siku yenyewe kahawa ilikuwa imekufa, na sisi ndio tuliiua. Bado inaniuma.

Ndiyo maana nakuomba, kwa heshima zote, usiweke mgeni rasmi. Najua uko Dodoma, wizara zote ziko hapo, na watu watakwambia shughuli bila mkubwa haina hadhi. Mgeni rasmi akiwepo saa inakuwa ya kwake, na kahawa haisubiri itifaki. Kama yupo kiongozi unayetaka kumheshimu, mpelekee kahawa ofisini kwake siku nyingine, keti naye, mnywe.

Sasa waalikwa. Umeandika majina ya wakurugenzi wa hoteli. Mkurugenzi atakuja, atapiga picha, atakusifu, na kesho yake atasema "muone mtu wa manunuzi". Mwalike huyo mtu wa manunuzi tangu mwanzo, aje na mpishi mkuu au yule anayesimamia vinywaji, kwa sababu mmoja anashika bei na mwenzake anashika ladha, na mmoja akikataa umekosa. Hoteli na migahawa 12, watu wawili wawili, 24 basi. Mkurugenzi mwandikie barua ya heshima ya kuomba ruhusa ya watu wake. Hapo hajadharauliwa, nao wanatoka kazini bila wasiwasi. Barua zipeleke kwa mkono. Ukifika ulizia jina la mpishi, maana kadi yenye jina lake haitupwi. Siku mbili kabla uwapigie mmoja mmoja.

Tarehe yako siikubali. Mwishoni mwa Mei Bunge la bajeti linakuwa limepamba moto, tangu Aprili hadi Juni hoteli za Dodoma zimejaa, na mpishi hana hata nusu saa. Lakini hiyo hiyo ndiyo miezi ambayo kahawa inanyweka kuliko yote hapo mjini, kwa hiyo uwe umeshaingia jikoni mwao kabla. Mimi naona katikati ya Januari. Hoteli zimetulia kuliko miezi ya bajeti, na kahawa yetu ya msimu huu itakuwa imeshakobolewa. Utapata Februari na Machi za kufuatilia, na kama kuna kasoro utairekebisha wateja wakiwa wachache. Chagua Jumanne au Jumatano, saa 9 alasiri: chakula cha mchana kimekwisha na cha usiku hakijaanza kuwashughulisha. Saa 11 waachie waende, hata kama mazungumzo ni matamu.

Kwenye meza ya kuonjea naomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo nilipokula mkate wangu. Weka meza 4, watu 6 kila meza. Kila meza ipate kahawa 3 tofauti, vikombe viwili viwili. Hivyo ni vikombe 24. Utaratibu wa waonjaji ni gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, maji yakiwa na nyuzi kama 93 za Selsiasi. Piga hesabu: hazifiki gramu 200 za kahawa, na maji hayafiki lita 4. Unaona jinsi kiini cha shughuli kilivyo kidogo? Dodoma iko juu ya mita 1,100, maji yenu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo yakichemka usiyaache yapoe muda mrefu. Saga wageni wakiwa wameshakaa, wasikie ile harufu kavu kwanza. Mimina, subiri dakika 4, kisha kila mmoja apewe kijiko avunje mwenyewe ule utando unaoelea juu akiwa ameinamisha pua karibu na kikombe. Mpishi akishavunja utando kwa mkono wake, hiyo kahawa ina kitu chake ndani yake. Baadaye ionjwe ikiwa ya moto, ionjwe tena ikipoa. Ya kwetu inapopoa ndipo utamu wake unatoka, usiwakimbize.

Ukimaliza hapo, ichemshe kama watakavyoichemsha wao. Wageni wengi wa hoteli wanaongeza maziwa na sukari, na kahawa iliyokaangwa kidogo mno inapotea kwenye maziwa. Gramu 60 kwa lita moja, birika la maziwa pembeni, waonje hivyo pia. Na tafadhali usilete kahawa ya mfanyabiashara mwenzako mezani ili uishinde mbele za watu. Wengine hapo ndio walioichagua.

Umeme. Birika la umeme la wati 2,000 liwe na soketi yake. Ekstensheni ya amperi 13 inabeba wati 3,000 hivi, ukichomeka mabirika mawili itazidiwa, ikate umeme wakati wageni wameshika vijiko. Kuwe na jiko la gesi na mashine ya kusagia ya mkono, hata jenereta ikiwepo.

Maji yananitia wasiwasi kuliko umeme. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, wewe mwenyewe ulilalamika ulipohamia. Kahawa ni maji kwa sehemu kubwa mno, na maji ya chumvi yanaweza kuifanya ya Kilimanjaro, yenye uchachu wake mzuri, ionekane bapa kama imelala. Ukiwapikia wageni kwa maji ya chupa wataipenda, halafu wakienda kuipika jikoni kwao kwa maji ya bomba wataona umewadanganya, na oda ya pili huioni. Kwa hiyo jaribu kwa aina zote mbili. Ikibidi kubadili namna ya kukaanga ili iendane na maji ya huko, badili sasa.

Chakula kiwe vitafunwa tu: karanga, mihogo, keki kavu. Visiwe na vitunguu wala pilipili, vinaua ulimi. MC hahitajiki, utasema wewe mwenyewe, dakika 10, kihamba kiko wapi, inachumwa vipi, inakaushwa kwenye vichanja siku ngapi. Leseni ya Bodi ya Kahawa na nembo ya TBS unazo, ziweke zionekane.

Mezani kwako kuwe na daftari, na mdogo wako alishike. Aandike kwa kila hoteli: kilo ngapi kwa wiki, wana mashine gani, wanalipa baada ya siku ngapi, nani anasaini. Profoma, yaani ankara za awali, ziwe zimeandaliwa, na wajue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, utatoa. Kila hoteli iondoke na mfuko wa gramu 250 wenye tarehe ya kukaangwa. Siku mbili baadaye upite kwao na uombe kikombe cha hiyo kahawa waliyoipika wao. Utajifunza mengi kwenye kikombe hicho.

Mama yako amenikumbusha jambo ambalo ningelisahau, na ndilo linaloua biashara za watu wazuri. Hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30, nyingine 60. Tuseme umepata hoteli 10, kila moja kilo 5 kwa wiki. Kwa wiki 8 kabla hujashika shilingi, umeshatoa kilo 400 za kahawa iliyokaangwa. Kahawa ikikaangwa inapungua uzito, kilo 100 mbichi zinakupa 84 hivi, kwa hiyo hapo pamelala karibu kilo 480 za kahawa mbichi, mifuko, gesi na nauli. Uzinduzi ukifana sana bila mtaji huo, utashindwa kupeleka wiki ya tano, na wapishi hawasahau. Ndiyo maana ile milioni 6 sitaki iishie ukumbini. Chumba kidogo cha mikutano, vikombe, mabirika, vitafunwa, mifuko ya kugawa, nauli: kwa makadirio yangu milioni moja na nusu inatosha na kubaki. Milioni 4 na nusu ni ya kahawa utakayokopesha. Hoteli zikiwa nyingi kuliko fedha, anza na 5, nyingine waambie tarehe ya kweli.

Tarehe 31 Machi utafungua lile daftari uhesabu hoteli zilizoagiza mara mbili. Zikiwa 4 kati ya 12, mimi nitachinja mbuzi.

Mjomba wako anapakia magunia mawili kwenye basi la Ijumaa. Basi likigeuza, mpe kondakta dumu la lita 5 la maji ya bomba la huo ukumbi, na jingine la jikoni kwa hoteli yoyote itakayokubali. Uandike juu yake kwa kalamu isiyofutika lipi ni lipi. Nataka nichemshe kahawa yetu kwa maji hayo hapa nyumbani kabla hujalipa chochote.

Baba yako